KAMERA IMTII MPIGA PICHA

Chukua mpiga picha wa Nyasura, mjini Bunda, aliyeitwa shuleni kupiga picha za pasipoti za wanafunzi. Mwalimu amewapanga watoto mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, nalo jua liko utosini. Kamera ndogo ya dijitali inauona weupe ule wote, inapunguza mwanga kwa hiari yake, na nyuso za watoto zinatoka nyeusi tititi, hata macho hayatambulikani. Wazazi wamekwisha lipa. Lawama zote humwangukia yeye, ingawa uamuzi haukuwa wake.

Kipima mwanga cha kamera kimetengenezwa kidhani kwamba dunia yote, kwa wastani, ni ya rangi ya kijivu inayorudisha kiasi cha asilimia 18 ya mwanga. Ukuta mweupe hulazimishwa uwe kijivu, na aliyesimama mbele yake huzamishwa gizani. Fundi anayeijua kazi yake hulisahihisha jambo hilo mara moja: hupanua tundu la lenzi, au huliacha pazia la kamera wazi kwa muda mrefu kidogo. Lakini kamera ndogo nyingi za bei nafuu hazikupewa pete ya tundu wala gurudumu la kasi. Zilipewa michoro ya mlima, ua na mtu anayekimbia, kana kwamba mnunuzi ni mtoto wa chekechea. Alama ya kuongeza mwanga, pale ilipo, imefichwa ndani ya kioo ambacho juani hakisomeki.

Wapo wasomi watakaosema kwamba hayo ni maendeleo, kwamba mashine imemrahisishia mwananchi kazi. Na iulizwe: imemrahisishia mwananchi yupi? Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara kadi ya mwanamke wa Kizungu, iliyojulikana kwa jina la Shirley, iwe kipimo cha kusawazisha rangi za picha. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa sahihi. Ngozi nyingine zilipaswa kujitafutia nafasi. Kisha itazamwe Afrika Kusini ya Makaburu. Huko kamera za Polaroid zilitumika kupiga picha za vitabu vya pasi vya Waafrika, na kamera yao ya vitambulisho, ID-2, ilikuwa na kitufe cha kuzidisha mwanga wa flashi. Wafanyakazi weusi wa kampuni hiyo huko Marekani walianza kupinga biashara hiyo mwaka 1970, na mwaka 1977 Polaroid ikaondoka. Uso mweusi ulipohitajika ili mwenye uso huo azuiwe njiani, kitufe cha kuongeza mwanga kilikuwapo. Mpiga picha wa Nyasura anayetaka mtoto aonekane vizuri kwenye fomu ya shule huambiwa aitegemee akili ya mashine.

Wala haisemwi kwamba haiwezekani. Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, ilikuwa kamera ya wanafunzi, na mambo yote yaliamuliwa kwa mkono. Betri ilihitajika kwa kipima mwanga tu. Katika enzi ya dijitali mambo yamepinduliwa. Fujifilm ilipotoa X100 mwaka 2011, kamera ndogo yenye pete ya tundu na gurudumu la kasi kama za zamani, bei yake Marekani ilikuwa dola 1,199. Uwezo wa kuamua, ambao zamani ulikuwa haki ya mwanafunzi, ukageuzwa anasa ya tajiri, na mnyonge akaachiwa kitufe kimoja. Unyonyaji wa namna hii hauonekani kwenye risiti.

Maofisa ununuzi wa halmashauri na wakuu wa shule wana silaha mkononi, nayo ni karatasi ya zabuni. Iandikwe humo waziwazi kwamba kamera itakayonunuliwa iwe na alama ya M, yaani mpigaji apange mwenyewe tundu na kasi, na gurudumu la kuongeza au kupunguza mwanga liwe nje, mahali ambapo kidole gumba hufika. Muuzaji atakayeleta michoro ya ua na mlima peke yake arudishiwe mzigo wake.