Mgeni Aliyejiita Mfalme

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mgeni huyo akija na bunduki?

Juzi nilikuwa sokoni Kagio, nikingoja matatu ya kurudi Nairobi. Mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, alikuwa akinisaidia kubeba nyanya. Ghafla akaniuliza, "Mjomba, ni kweli Wakikuyu waliwahi kuwa na mfalme Mzungu?"

Nilimjibu kwamba jambo hilo lina ukweli, na lina majivuno pia.

Ukweli ni huu. Mwaka 1898 Mwingereza John Boyes, baharia kutoka mji wa Hull, aliingia nchi ya Murang'a kutafuta chakula cha kuuzia misafara. Huko alimkuta Karuri wa Gakure, aliyekuwa na uhasama na majirani zake. Karuri alihitaji bunduki, naye Boyes alihitaji nafaka. Wakala kiapo cha udugu. Boyes akapigana upande wa Karuri, akawafunza vijana vita, na baada ya muda mfupi akawa anatoa amri.

Majivuno ni hilo jina la mfalme. Wakikuyu hawakuwa na mfalme. Mambo yao yaliamuliwa na wazee wa kiama. Boyes alijivika taji mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1911.

Mwanzoni hakuna aliyemtaka Boyes atawale. Alifunguliwa mlango ili asaidie. Miaka 800 kabla yake, katika Vita vya Kwanza vya Msalaba, Baldwin wa Boulogne alifika Edessa, mji ulioko Uturuki ya leo. Alikuwa mwana wa kabaila, lakini hakuwa na urithi wa maana kwao. Mtawala wa Edessa, mzee Thoros, alikuwa amezungukwa na maadui na hakuwa na mtoto. Akamwasili Baldwin awe mwanawe. Mwezi wa Machi 1098 raia waliasi wakamwua Thoros, na kiti kikachukuliwa na "mwana". Mwaka 1100 Baldwin akawa mfalme wa Yerusalemu.

Na Boyes? Mafahali wawili hawakai zizi moja. Serikali ya Kiingereza ilimkamata, ikampeleka Mombasa kushtakiwa, na huko akaachiliwa. Lakini Murang'a haikurudi kwa wazee wa kiama. Serikali yenyewe ilikalia kiti, na Karuri akawa chifu wake.

Mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe kosa lilikuwa ule ugomvi wa majirani."

Sikuwa na la kuongeza. Msomaji, nyumba ngapi leo zina ndugu wanaogombania shamba, kila mmoja akitafuta mtu wa nje mwenye nguvu amsaidie? Kabla hujamfungulia mlango mtu huyo, mwite ndugu yako mketi mzungumze. Mgeni anayekuja kwa sababu ya ugomvi wenu hana haraka ya kuona mkipatana.