Kabla mama hajanyooshwa mgongo

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutibu maumivu sugu ya kiuno bila upasuaji. Umo ushauri wa mazoezi, na wa kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono, ile kazi ya kairopraktiki. Mikanda ya kiuno haikupendekezwa, ingawa inauzwa kila pahala.

Habari njema, lakini mwongozo huo unahusu kiuno kisicho na ugonjwa mwengine nyuma yake. Mfereji wa uti wa mgongo ukisinyaa kwa umri, ukabana mishipa ya fahamu, hilo ni jambo jengine. Dalili yake: mama akisimama au akitembea, miguu inawaka moto na kufa ganzi, akikaa au akiinama, anapata nafuu. Ndiyo maana anaweza kuinamia mwani asubuhi nzima, kisha njia ya kurudi nyumbani ikamshinda. Msimwite mvivu.

Huyu asivutwe wala kusokotwa mgongo kabla hajapimwa. Kukandwa taratibu kwa mafuta ya nazi hakuna neno, ila hakupanui mfereji. Wengi huanza bila kisu: mazoezi anayofundishwa na mtaalamu wa viungo, kutembea kwa vituo, dawa alizoandikiwa. Anzeni kituo cha afya, muelekezwe Chake Chake au Abdalla Mzee, Mkoani.

Mkojo ukimtoka bila kujua au ukiziba, sehemu za siri zikifa ganzi, au miguu ikilegea ghafla, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Huenda akahitaji kuvushwa Unguja, na mishipa iliyobanwa haisubiri boti ya kesho kutwa.