Miale Inayopotea Njia



Binti mmoja wa Ukunda ametuandikia kuhusu mamake, anayetibiwa saratani ya shingo ya kizazi. Jumatatu hadi Ijumaa mama huyu huvuka kivuko cha Likoni kwenda Mombasa kupata tiba ya mionzi. Juma lililopita alilazwa mezani, akapigwa picha, kisha akateremshwa, akaambiwa anywe maji na kungoja. Hakutibiwa mpaka alipopigwa picha ya pili. Aliporudi nyumbani alikataa kumpakata mjukuu wake, akihofia kumwambukiza mionzi. Binti anauliza: picha hizi ni za nini, na mtoto ana hatari gani?

Tuanze na mtoto. Hana hatari yoyote. Mionzi ya mashine hukoma papo hapo mashine inapozimwa, kama taa izimwapo nuru yake ikatoweka. Haisalii ngozini, nguoni wala katika jasho. Wanaonyweshwa iodini ya mionzi kwa maradhi ya tezi ya shingo, hao wana masharti yao, na daktari huwaambia siku za kujitenga na watoto.

Ama picha, sababu yake ni kwamba kibofu na kizazi havitulii mahali pamoja. Kibofu kikijaa huinua kizazi na kuusukuma utumbo mbali na mionzi. Kwa hiyo mashine nyingi za siku hizi zina mkono wa pembeni unaomzunguka mgonjwa kwa dakika moja hivi, ukitoa eksirei dhaifu, wahudumu waone kama viungo vimekaa vilivyokaa siku ya vipimo.

Lakini picha hiyo ina ukungu wake. Wanaotafuta pweza mwambani Gazi na Msambweni wataelewa upesi. Maji yakitulia, shimo la pweza huonekana. Kusi ikivuruga mchanga, jua ni lile lile, ila nuru hugonga chembe, ikageuka, ikalifikia jicho kutoka kila upande. Huoni ila weupe. Mwilini ni vivyo hivyo. Mwaka 1923 Mmarekani Arthur Compton alionyesha kuwa mwale wa eksirei ukigonga elektroni hupinda njia na kupungukiwa nguvu. Mwale uliopinda ukifika kwenye kibao cha picha, kompyuta huudhania umekuja moja kwa moja. Katika picha ya nyonga, iliyopinda yaweza kuizidi kwa wingi iliyonyooka. Hapo huzuka kivuli cheusi baina ya vichwa vya mifupa ya mapaja, na hapo ndipo kibofu na kizazi vilipo! Mpaka wa kibofu usipoonekana, utumbo waweza kuunguzwa na uvimbe ukaachwa.

Mwaka 1913 Mjerumani Gustav Bucky alitengeneza wavu wa vipande vyembamba vya risasi, unaozuia miale ya mshazari. Husaidia, wala hautoshi. Inayobaki huondolewa kwa hesabu. Kompyuta hupewa umbo la mwili, kisha huufuata mwale mmoja mmoja wa kubuni: utakwenda umbali gani kabla ya kugonga, utageukia wapi, utabakiwa na nguvu kiasi gani. Ikisharudia mara mamilioni, hupata ramani ya ukungu, ikautoa katika picha. Njia hii ilimjia Stanislaw Ulam mwaka 1946, akiwa mgonjwa anayepata nafuu na kujiliwaza kwa karata. Ikapewa jina la Monte Carlo, mahali pa kamari huko Monako. Jina halipendezi masikioni mwetu, lakini hapana kamari ndani yake, ni kuhesabu yanayoelekea kutokea. Na kwa kuwa hesabu hiyo huchukua muda mrefu, na mgonjwa amelala mezani na kibofu kimejaa, mara nyingi hutumika kanuni za mkato zilizopimwa kwayo.

Mama naye ana sehemu yake. Shanga za kiunoni na hirizi yenye kifuko cha chuma avivue kabla ya kulala mezani, kwani chuma huchora michirizi pichani. Asijisogeze, hata akiwashwa. Na Ramadhani ikimkuta katikati ya tiba, maji aliyoagizwa ayanywe. Mgonjwa ana ruhusa ya kufungua, na siku zake atazilipa akipona, inshaAllah. Usiku wa leo ampakate mjukuu wake.