Aombe Maji Kwanza



Tukiwauliza akina mama wenye watoto wasiosema wanataka nini, jibu ni moja: "Aongee kama wenzake." Ni haki yao kutamani hivyo. Lakini lengo hilo ni kubwa mno kulifanyia kazi leo jioni jikoni. Mama asipoona mabadiliko kwa miezi mitatu hukata tamaa, akaacha hata kumsemesha mtoto.

Kwanza masikio yapimwe hospitali, hata kama mtoto hugeuka mlango ukibamizwa. Anaweza kusikia kishindo na asisikie maneno. Kumkata udata si dawa ya mtoto asiyesema kabisa. Na wanaolaumu Kigogo cha bibi, eti lugha mbili zimemchanganya mtoto, tunawaambia hapana, bibi aendelee.

Halafu chagua jambo moja dogo, analolihitaji mtoto kila siku, nawe unaweza kuliona kwa macho. Hapa Miyuji, ambako kwa sababu ya kituo cha Cheshire tumezoea kuwaona watoto wenye ulemavu, tunamfahamu mama mwenye mtoto wa miaka mitano mwenye mtindio wa ubongo. Tulikubaliana naye hivi: katika wiki sita, mtoto akitaka maji akitazame kikombe bila kulia, mara tatu kati ya tano. Basi. Kila mlo mama alishika kikombe cha maji mkono mmoja na bakuli la uji mkono wa pili, akauliza, "Maji au uji?" kisha akanyamaza, akihesabu hadi kumi moyoni.

Kunyamaza ndiko kulikomshinda. Sisi akina mama midomo yetu ni myepesi! Tena dada mtu alikuwa akimwahi mdogo wake kabla hajaomba. Alifanya kwa upendo, lakini ilibidi afundishwe kusubiri. Mtoto akitazama kikombe, apewe maji papo hapo na neno "maji" litajwe. Akitazama uji kumbe alitaka maji, apewe huohuo uji, ajue kwamba macho yake yanasikilizwa.

Wiki sita zilipita, lengo halikutimia. Hatukuliacha, tulilipunguza: mtoto akaegemezwa vizuri kwa mito ili kichwa kitulie, vyombo vikasogezwa karibu. Wiki ya tisa akaanza kukitazama kikombe. Baba yake huweka alama kwenye kalenda ya ukutani, na sasa wanajaribu "ma".

Wapo wanaoogopa kwamba ishara zitamfanya mtoto mvivu wa kusema. Sivyo, ishara humsaidia. Zakaria alipokuwa bubu aliwapungia watu mkono, na siku ya kumpa mwanawe jina aliomba kibao akaandika (Luka 1). Jamaa zake walingoja jibu lake. Hawakuamua bila yeye.

Wengine kati ya watoto wetu hawatasema kwa mdomo maisha yao yote. Hata hao wana jambo la kutuambia. Kliniki tunaletewa mtoto anayelia usiku kucha na hakuna ajuaye panapouma, sikio au tumbo. Kwa hiyo maji yakishaeleweka, lengo la pili liwe kuonyesha panapouma. La tatu liwe "sitaki", kwa kutikisa kichwa au kusukuma kwa mkono, na nyumba nzima ikubali kumheshimu akikataa, maana mtoto asiyeweza kukataa huumizwa na watu wabaya kimyakimya.