Kumpakata Mtoto Si Kumdekeza

Kuna fatwa moja isiyo na mufti, inayotolewa vibarazani na masokoni hapa Ngara, na Biharamulo pia: kwamba mtoto akipakatwa sana huharibika, kwamba baba ambebaye mwanawe amejishusha, na kwamba kijana akitoka mkali, asiye na huruma, basi hiyo ndiyo damu yake. Wenye kusema hayo hushika methali yetu: samaki mkunje angali mbichi. Methali ni ya kweli. Lakini kumkunja si kumvunja, na mwenye kuvunja asitafute ushahidi kwa wahenga.

Tuanze na hiyo damu wanayoitaja. Ndani ya ubongo hutengenezwa homoni iitwayo oksitosini, nayo humiminwa katika damu na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Homoni hiyo ndiyo inayobana tumbo la uzazi wakati wa kujifungua. Mtoto anyonyapo, habari hufika kwenye ubongo wa mama, oksitosini ikatoka, na maziwa yakashuka. Mama akiwa katika hofu au fadhaa, maziwa huchelewa kushuka ijapokuwa yamo. Basi mume anayemgombeza mkewe anyonyeshaye, kisha akalalamika kuwa mtoto halali usiku, ajiulize ni nani aliyeuziba mfereji.

Wala jambo hili si la wanawake peke yao. Utafiti uliotangazwa mwaka 2010 uliwapima mama na baba wa watoto wachanga, ukakuta kuwa baba nao wana homoni hii kwa kiasi kinacholingana na cha mama, na kwamba ilihusiana na kucheza kwao na watoto wao. Baba hakuumbwa awe mlipa ada tu. Twakijua kisa cha Al-Aqraa bin Habis, aliyemwona Mtume (S.A.W.) akimbusu mjukuu wake Hasan, akajigamba kuwa yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja. Je, alisifiwa kwa ujabari huo? La hasha! Alionywa.

Msomaji atauliza: anayepakatwa hawi mlegevu? Jawabu liko karibu, kwa jirani zetu wa Uganda. Mwaka 1954 na 1955 Bi. Mary Ainsworth alizitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akiwachunguza watoto wachanga 28. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Watoto ambao mama zao waliwajua kwa undani na kuwaitikia upesi ndio waliolia kidogo, na ndio waliothubutu kutambaa mbali, wakirudi kwa mama waogopapo. Wenye kulialia na kung'ang'ania walikuwa wale wasio na hakika ya mama.

Na walionyimwa kabisa? Huko Bucharest, Romania, tangu mwaka 2000, watafiti waliwafuata watoto 136 waliokuwa katika nyumba za mayatima, ambako mlezi mmoja aliangalia watoto wengi. Baadhi yao walipelekwa kulelewa katika familia. Hao, khasa waliopelekwa kabla ya kutimiza miaka miwili, walipata nafuu kubwa katika kushikamana na walezi wao. Damu yao ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mikono.

Sisi wa Ngara tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu waliokisiwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakapiga kambi Benaco. Miongoni mwao walikuwamo watoto waliokuja bila mzazi. Kambi zilifungwa Desemba 1996. Mwenye kusema kuwa watoto kama wale wana damu ya vita amewadhulumu mara mbili: walinyimwa mikono ya kuwapakata, kisha wakalaumiwa kwa upungufu huo.

Lakini tusipotee upande wa pili, tukadhani kuwa oksitosini ni dawa ya mapenzi. Mwaka 2010 wachunguzi wa Uholanzi walitangaza kuwa watu waliopuliziwa homoni hii puani walizidi kuwapendelea wa kundi lao, na kuwa tayari kuwalinda dhidi ya kundi jingine. Kumbe mapenzi ya wa kwetu peke yake yaweza kugeuka ukabila! Na yaliyotokea ng'ambo ya mto mwaka 1994 yatosha kuwa somo. Mwili hutoa mbegu, lakini uadilifu hufundishwa. Mtoto aliyepakatwa hana budi kufundishwa vile vile kuwa mkimbizi, yatima na jirani wa kabila jingine wana haki juu yake.

Basi, enyi akina baba, wapakateni wana wenu mbele za watu wala msione haya. Wapeni mama wanyonyeshao utulivu. Yatima mtieni ndani ya nyumba zenu, msiishie kumtupia sarafu mlangoni. Na kijana atakapoletwa barazani kwa ukali wake, kabla hamjauliza ni wa damu gani, ulizeni alipakatwa na nani. Wengi wetu tutainamisha vichwa.

Wabillahi tawfiq.