Kiberiti cha kioskini

Kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa kamba dirishani, pakiti iko wazi, na mwanafunzi aliyevaa sare ananunua sigara moja. Muuza duka hamuulizi umri. Sheria ya tumbaku ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wakiwamo Denise Kandel na mumewe Eric, mshindi wa Tuzo ya Nobel, waliwanywesha panya nikotini kwenye maji kwa siku saba, kisha wakawapa kokeini. Kokeini iliwakolea kuliko panya ambao hawakuonja nikotini. Mpangilio ulipogeuzwa, kokeini kwanza, tofauti hiyo haikuonekana.

Sababu ni hii: vinasaba ndani ya seli huzungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi kwenye kijiti. Palipokazwa jeni husinzia, palipolegea huamka. Nikotini ilivizuia vimeng'enya vinavyosaidia kuukaza uzi huo, katika sehemu ya ubongo inayoshughulika na raha na mazoea. Kwa hiyo kokeini ilipoingia ilikuta kazi imeshaanzwa, na jeni ya FosB ikaamka kwa nguvu zaidi. Moja ya protini zitokanazo na jeni hiyo hudumu wiki kadhaa baada ya kokeini yenyewe kutoka mwilini. Ndiyo maana tunachoshwa na wanaosema teja angeacha kama angetaka kweli.

Panya si mtu, sawa. Ila Denise Kandel alikuwa ameshawafuatilia vijana wa Marekani tangu miaka ya 1970, akaona kwamba sigara na pombe kwa kawaida hutangulia dawa kali.

Waraibu wa heroini wana dawa ya methadoni, iliyoanza kutolewa hospitali ya Muhimbili mwaka 2011. Wa kokeini hawana dawa ya namna hiyo. Wanaachiwa ushauri nasaha na subira ya ndugu. Aliyekosa tiba ya mwisho wa safari hana budi kulinda mwanzo wake, na mwanzo huo uko kioskini.

Maofisa biashara wa halmashauri hupita madukani kukagua leseni. Wakiwa hapo waulize pia sigara inauzwa kwa nani. Waende alasiri, shule zinapotoka.