Tumechoka kusikia "tumerahisisha": watuonyeshe hesabu

Vijana wa Dilala na Manika, wananchi wote wa Lualaba,

Kila mara wakubwa wa inchi wanatuambia kama wamepunguza makaratasi na kodi. Sisi tunauliza swali moja: mwananchi amebakiza franga ngapi mfukoni? Kama jibu haliko, hiyo ni hotuba tu.

Tuchukue Kasumbalesa, kwenye kunapita unga na vitu vingi tunavyokula hapa Kolwezi. Decree 036/2002 ya tarehe 28/3/2002 ilisema huduma za Leta zenye haki ya kutumika mupakani ni 4 tu: douane, OCC, DGM na hygiene. Sheria ina miaka zaidi ya 20. Lakini mwenye kupita kule anajua ni ofisi ngapi zinamungojea. Nani analipa hizo zenye kuzidi? Si mwenye camion. Yeye anaongeza kwenye bei, mama wa soko naye anaongeza, mwisho ni wewe na sahani yako ya bukari.

Kuhesabu hasara hii haiko kazi ya mashetani. Waholanzi walipima mzigo wa makaratasi yao tangu 2003, wakajiwekea lengo la kuupunguza kwa 25% mpaka 2007. Njia yao: muda unaopotea, mara bei ya muda huo, mara idadi ya watu, mara ngapi kwa mwaka.

Tuseme, kwa mfano tu, mchuuzi anapoteza siku 2 kwa kila karatasi, mara 4 kwa mwaka, na faida yake ya siku ni 20.000 FC. Hiyo ni 160.000 FC. Wachuuzi 1.000 ni milioni 160. Mutu wa darasa la sita anaweza kuifanya.

Lakini tusidanganywe na hesabu ya uongo. Kodi ikifutwa, franga zinatoka sandukuni mwa Leta na kuingia mfuko mwingine. Zimehama tu, na pengine ni shule au barabara yenye inakosa. Siku iliyopotea kwenye mustari, hiyo haimfaidi mutu yeyote, hata Leta. Hapo njo kuna akiba ya kweli. Na matabishi je? Hayafiki sandukuni, kwa hiyo Leta haina cha kupoteza ikiyakata.

Tena, si kila kanuni ni mzigo. Tarehe 27/6/2019, kule KOV, ardhi iliangukia wachimbaji, zaidi ya 40 wakafa. Mwenye kutuambia kama usalama wa mgodi au ulinzi wa maji ni "gharama ya kupunguza", atuhesabie pia bei ya kaburi. Kampuni ikibakiza feza na mtaa ukibaki na sumu, hakuna kilichopunguzwa. Kimebebeshwa wengine.

Kwa hiyo tunaomba serikali ya jimbo na wabunge wetu:

1. Watangaze orodha ya kila kodi na kila karatasi inayodaiwa Lualaba, pamoja na bei na sheria yake, ibandikwe sokoni na kwenye barieri.
2. Kila mageuzi yahesabiwe mbele na nyuma, kwa kuuliza wachuuzi, motari na wachimbaji wenyewe.
3. Decree ya 2002 iheshimiwe.

Na wewe kijana, omba risiti kila mahali unapolipa, uichunge. Leta isipohesabu, tutahesabu sisi.